Saa kwa saa: shajara ya kusaka vyanzo vya Agosti 1991

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo nimefungua daftari jipya na kuandika swali moja kwenye ukurasa wa kwanza: mtu wa kawaida wa Moscow alijua nini, na alikijua saa ngapi, kati ya tarehe 19 na 21 Agosti 1991? Ni zile siku tatu ambazo wakubwa wanane wa Umoja wa Kisovieti waliunda Kamati ya Dola ya Hali ya Hatari ili kutwaa madaraka, Rais Gorbachev akiwa amezuiliwa Foros kule Crimea, na vifaru vikaingia mjini.

Swali lilitoka kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu hapa Tanga. Alisoma uhandisi Moscow, Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, na likizo ile hakurudi nyumbani. Mwezi uliopita barazani alituambia, "Mwanangu, mimi nilimwona Yeltsin juu ya kifaru asubuhi ile ile, kwenye televisheni ya bweni." Nikamwamini, na bado namheshimu. Lakini nilipofika nyumbani nikajiuliza: asubuhi ile televisheni ya Kisovieti ilikuwa chini ya kamati. Nani angethubutu kumwonyesha Yeltsin, rais wa jamhuri ya Urusi aliyeipinga kamati hiyo?

Basi nimepanga kutengeneza jedwali la saa. Safu ya kwanza ni saa ya Moscow, ya pili ni tukio, ya tatu ni nani aliyelitangaza, ya nne ni chanzo ninachokishika mkononi. Jambo lisilo na safu ya nne haliingii.

Alhamisi, 6 Februari

Siku nzima nimeimaliza kwenye tahajia. Ukiandika "Yeltsin" kwenye hifadhidata ya magazeti unapata ya Kiingereza tu. Wafaransa wanaandika Eltsine, Wajerumani Jelzin, na maktaba nyingi zinafuata mtindo wa herufi kwa herufi, El'tsin. Kirusi chenyewe ni Ельцин. Ile kamati nayo ina sura nyingi: Warusi wanasema ГКЧП, wengine GKChP, na shirika la habari la TASS kwa Kiingereza lilitumia jina refu ambalo kila gazeti lililifupisha lilivyotaka.

Nimejaza karatasi moja pande zote mbili kwa majina ya watu, mitaa na vyombo vya habari, kila moja kwa Kirusi na kwa tahajia zake zote. Nimeibandika ukutani juu ya meza. Kazi hii haina raha, ila nilipotafuta upya kwa Kirusi nilichokuwa nimekitafuta jana kwa Kiingereza, matokeo yakaongezeka mno. Anayeanza utafiti wa Urusi bila kujifunza walau kuisoma alfabeti yao anajifungia mlango mwenyewe. Alfabeti ni kazi ya wiki moja tu. Mimi niliijifunza kwa kusoma majina ya vituo vya treni za chini ya ardhi za Moscow.

Jumanne, 11 Februari

Magazeti. Hapa ndipo mambo yanapokolea.

Kwanza nimetafuta amri namba 2 ya kamati, ya tarehe 19. Inaruhusu magazeti tisa tu kuendelea kutoka: Trud, Rabochaya Tribuna, Izvestia, Pravda, Krasnaya Zvezda, Sovetskaya Rossiya, Moskovskaya Pravda, Leninskoye Znamya na Selskaya Zhizn. Mengine yasimame. Orodha hii ni dhahabu kwa mtafiti, maana inakuambia papo hapo gazeti gani lilikuwa likiandika kwa ruhusa na lipi lilikuwa likiandika kwa kukaidi.

Pravda ya tarehe 20 nimeisoma kwenye skani ya mikrofilamu. Maandishi ya kona ya chini yamefifia, na programu ya kusoma maandishi kwenye picha ilikuwa inabadilisha н kuwa п kila mara, nikalazimika kusoma kwa macho, mstari kwa mstari, picha nimeikuza hadi neno moja linajaza kiganja. Ukurasa wa mbele umejaa matamko ya kamati. Kwa jedwali langu halina faida kubwa, kwa sababu gazeti la asubuhi linakuambia jana iliamuliwa nini ichapwe. Halikuambii mtu alijua nini saa nne.

Izvestia ina kisa kingine kabisa. Wachapaji wake waligoma kulichapa gazeti bila tamko la Yeltsin la kuwaita raia waikatae kamati. Mhariri hakutaka, wao wakashikilia, toleo likachelewa sana, na mwishowe tamko likatoka humo humo pamoja na amri za kamati. Kwa hiyo tarehe iliyo juu ya ukurasa na saa gazeti lilipofika mitaani ni vitu viwili tofauti. Hilo nimeliandika kwa wino mwekundu.

Magazeti yaliyofungiwa hayakunyamaza. Kumi na moja kati yao, yakiwemo Moskovskie Novosti, Nezavisimaya Gazeta na Kommersant, yaliungana na kutoa gazeti moja, Obshchaya Gazeta, yaani Gazeti la Pamoja. Zilikuwa karatasi chache zilizochapwa haraka, zikipita mkono kwa mkono na kubandikwa kutani, hasa kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi. Nimeona picha za nakala zilizobaki. Moja ina alama za gundi nyuma. Gundi ile inanieleza namna habari ilivyosambaa kuliko maelezo yoyote yaliyoandikwa baadaye.

Maktaba moja ya chuo niliiandikia kuomba kuingia kwenye hifadhi ya kulipia ya Pravda na Izvestia. Wamejibu kwamba ni ya wanafunzi wao tu. Nitajaribu kupitia rafiki anayesoma nje.

Jumamosi, 15 Februari

Kosa kubwa, tena la kwangu. Jedwali lote la asubuhi ya tarehe 19 limechelewa kwa saa moja.

Nilikuwa natumia taarifa za wasikilizaji wa redio. Waingereza walikuwa na BBC Monitoring pale Caversham Park, Wamarekani walikuwa na FBIS chini ya CIA. Wote walikaa usiku na mchana wakisikiliza redio na televisheni za Kisovieti, wakatafsiri, wakachapa kila siku. Kwangu hawa ndio mashahidi wazuri kuliko wote wa habari za wakati ule, kwa sababu hawakusubiri kujua nani atashinda. Na kila kipande kina saa yake, kwa GMT, yaani saa ya Greenwich.

Sasa, nilijua kwamba Moscow majira ya joto huwa saa nne mbele ya GMT, ndivyo ilivyokuwa 1990. Nikajumlisha nne kila mahali. Tangazo la kwanza la kamati likaangukia saa moja asubuhi. Lakini kumbukumbu zote za Warusi zinasema saa kumi na mbili kamili. Nikadhani Warusi wanakosea. Nikapekua siku mbili.

Jibu liko kwenye historia ya saa yenyewe. Tangu 1930 Wasovieti waliishi na saa moja ya ziada iliyowekwa kwa amri ya serikali. Tarehe 31 Machi 1991 saa hiyo ikafutwa. Siku hiyo hiyo saa za majira ya joto zingesogezwa mbele, kwa hiyo katika sehemu kubwa ya Urusi mishale haikuguswa hata kidogo. Kiangazi kile cha 1991 Moscow ilikuwa saa tatu tu mbele ya GMT. Januari 1992 saa ya ziada ikarudishwa, na ndiyo maana majedwali mengi ya kubadili saa yanamkosesha mtu.

Nimefuta safu nzima na kuandika upya. Saa tisa usiku ya GMT ikawa saa kumi na mbili asubuhi ya Moscow. Na hapo nikagundua jambo lililonifanya niweke kalamu chini: siku zile tatu Moscow na Tanga zilikuwa na saa ile ile. Tangazo liliposomwa kule, hapa nako ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, watu wanatoka msikitini na wengine wanawasha majiko ya chai. Sihitaji kubadili kitu tena. Jedwali naliandika kwa saa zetu za Kiswahili na linakwenda sawa.

Jumatano, 26 Februari

Wiki mbili hizi nimeziacha habari na kuingia kwenye nyaraka za ndani.

Anayeanza ajue hifadhi tatu za Moscow. GARF ina karatasi za serikali na mabunge. RGASPI ina za chama cha Kikomunisti tangu mwanzo hadi takriban kifo cha Stalin. RGANI ina za Kamati Kuu ya chama tangu miaka ya 1950 hadi mwisho wake. Kila waraka unaitwa kwa namba za ngazi nne: fondi ambayo ni mkusanyo, opisi ambayo ni orodha, jalada, kisha karatasi. Ukiona tanbihi ya Kirusi yenye ф., оп., д., л. ndiyo anwani yake kamili, na ukiinakili vibaya hakuna atakayeupata tena.

Mabadiliko yenyewe ya umiliki ni sehemu ya kisa changu. Tarehe 24 Agosti 1991, siku tatu tu baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa, Yeltsin alitia saini amri za kuhamisha nyaraka za chama na za KGB, idara ya ujasusi na usalama ya Kisovieti, ziende kwa idara za nyaraka za Urusi. Za chama zilihamishwa kweli. Za KGB kwa sehemu kubwa zimebaki mikononi mwa warithi wake hadi leo.

Fondi inayotajwa kila mahali ni namba 89 ya RGANI. Ilikusanywa kwa ajili ya kesi ya 1992 mbele ya Mahakama ya Katiba, Wakomunisti wakipinga kupigwa marufuku kwa chama chao. Mawakili wa serikali walihitaji ushahidi, basi karatasi za siri kubwa zikatolewa kutoka majalada mbalimbali na kuwekwa pamoja. Taasisi ya Hoover, California, kina mikrofilamu zake. Na mpinzani wa zamani Vladimir Bukovsky, aliyeitwa kama mtaalamu katika kesi hiyo, aliingia na skana ya mkononi na kompyuta ndogo, akanakili maelfu ya kurasa mbele ya macho ya watu ambao hawakuwa wamewahi kuona chombo kile. Skani hizo ziko wazi kwenye intaneti, bure. Nimekesha nazo. Kuna muhuri wa "siri kuu" juu, saini za wajumbe pembeni kwa kalamu, mmoja amekubali kwa neno moja, mwingine amepiga mstari tu.

Lakini lazima niseme nililolitambua: fondi 89 ilichaguliwa na mawakili. Iliundwa kuonyesha chama kilitawala juu ya sheria. Kilichokuwa hakiwasaidii kimebaki kwenye majalada yake ya asili. Ninaitumia, na kila ninapoitumia naandika pembeni kwamba ni ushahidi wa upande mmoja wa kesi.

Kesi ya jinai ya waliopanga jaribio nayo imeniacha na njaa. Duma, bunge la Urusi, iliwapa msamaha tarehe 23 Februari 1994, kesi ikakatika katikati. Jenerali Varennikov peke yake aliukataa msamaha, akashtakiwa, akaachiwa huru Agosti mwaka huo huo. Kwa wengine ushahidi haukuwahi kupimwa mahakamani hadi mwisho. Mwendesha mashtaka mkuu Stepankov na naibu wake Lisov walikuwa wameshachapisha kitabu chenye maelezo ya mahojiano mwaka 1992, kabla hata kesi haijaanza. Nimekisoma kwa shukrani na kwa tahadhari pia.

Jumapili, 2 Machi

Tovuti kadhaa za serikali ya Urusi hazifunguki kabisa kutoka hapa. Kuagiza nakala kwa malipo nako hakuwezekani, kadi zetu hazipiti kule tangu 2022.

Kinachoniuma zaidi ni vyombo vya habari vyenyewe. Redio Ekho Moskvy, iliyoanza Agosti 1990 na ambayo wapanga jaribio waliizima asubuhi ya kwanza, ilinyamazishwa tena Machi 2022. Hazina yake ya mahojiano ya miaka na miaka ikaondoka na tovuti. Shirika la Memorial, lililokusanya kumbukumbu za waathirika wa mateso ya Kisovieti, mahakama iliamuru livunjwe Desemba 2021. Chuo cha Bard na PEN America wameanzisha hifadhi ya vyombo huru vya habari vya Urusi, nami naitumia kwa makala za miaka ya 2000. Kwa mengine natumia kurasa zilizohifadhiwa za Internet Archive. Kuanzia leo kila ukurasa ninaoutaja nauhifadhi mara mbili, kwenye diski yangu na huko, siku hiyo hiyo ninapousoma.

Jumapili, 9 Machi, baada ya futari

Televisheni. Nimelifikia swali la mzee.

Asubuhi ya tarehe 19 vyanzo vyote vinakubaliana: watangazaji wanasoma matamko, kisha muziki wa taratibu na balleti ya Tchaikovsky ya mabata maji. Yeltsin alipanda kifaru mchana, nje ya jengo jeupe la serikali ya Urusi, akasoma tamko lake. Kamera za mashirika ya nje zilikuwepo. Lakini Warusi nyumbani hawakuona, bado.

Saa kumi na moja jioni kamati ikafanya mkutano na waandishi wa habari. Tatyana Malkina wa Nezavisimaya Gazeta, msichana wa miaka 24 ambaye gazeti lake lilikuwa limefungiwa, akasimama na kuwauliza kama wanaelewa kwamba usiku uliopita wamefanya mapinduzi. Mikono ya Yanayev, makamu wa rais, inatetemeka, na inaonekana.

Kisha taarifa ya habari ya Vremya, saa tatu usiku. Humo, katikati ya matamko rasmi, ikapita ripoti ya Sergei Medvedev kutoka mitaani, na ndani yake Yeltsin juu ya kifaru akisoma. Nimeitazama mara saba. Ni kipande kifupi, na mfanyakazi wa televisheni aliyekiacha kipite alijua anachokifanya. Mamilioni ya watu nchi nzima waliambiwa hapo, na chombo cha kamati yenyewe, kwamba kuna mtu anayekataa na mahali pa kumkuta.

Kwa upande wa Marekani nimepitia muhtasari wa Vanderbilt, chuo ambacho kimekuwa kikirekodi taarifa za habari za jioni za Marekani tangu Agosti 1968. Muhtasari unasomwa bure.

Basi mzee hakumwona asubuhi. Nimekaa na jambo hili muda. Sitaki kwenda kwa mtu wa umri wake na kumwambia kumbukumbu yake si kweli. Na sitaki pia kuiacha safu ya nne tupu kwa ajili ya adabu.

Jumanne, 18 Machi

Mambo mawili mazuri.

La kwanza, shajara ya Anatoly Chernyaev, msaidizi wa Gorbachev aliyekuwa naye Foros. Aliikabidhi kwa National Security Archive iliyoko Chuo Kikuu cha George Washington, nao wameitoa kwa Kiingereza mwaka baada ya mwaka. Hapo unaiona nyumba ile iliyokatiwa simu kwa ndani. Gorbachev mwenyewe alisema baadaye kwamba walinzi walipata redio, wakaitengenezea waya, na rais wa nchi kubwa kama ile akawa anasikiliza BBC, Radio Liberty na Sauti ya Amerika kujua nchi yake inakwendaje. Nimeunganisha na maktaba ya Rais Bush mkubwa huko Texas, ambako maandishi ya simu zake na Yeltsin siku zile yamefunguliwa kwa umma. Yana saa za Washington, kwa hiyo nimejumlisha saba kwa uangalifu.

La pili ni mtandao wa Relcom. Mafundi wa kompyuta wa Moscow waliokuwa wameunganishwa na dunia kupitia Finland hawakuzimwa, nadhani kwa sababu kamati haikuwafikiria. Walipitisha matamko na maelezo ya wanachokiona dirishani, mji kwa mji. Ujumbe mwingi umebaki kwenye kumbukumbu za vikundi vya majadiliano vya wakati ule, na kila mmoja una tarehe na saa. Usiku wa kuamkia 21, vijana watatu, Dmitry Komar, Vladimir Usov na Ilya Krichevsky, walipouawa kwenye njia ya chini karibu na vizuizi, habari zilikuwa zikisambaa huko gazeti lolote halijachapwa.

Natumia pia hifadhi ya shajara za watu iitwayo Prozhito, ya St. Petersburg. Unaweka tarehe, inakuletea walichoandika watu siku hiyo. Nimezisoma zote nilizozipata za tarehe 19.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda kwa mzee baada ya Alasiri. Nikampigia shikamoo, nikamwonyesha jedwali. Sikumwambia amekosea, nilimwomba anisaidie pale penye pengo, asubuhi ya tarehe 19, bweni la Mtaa wa Miklukho-Maklaya. Alilisoma kwa kidole, taratibu, kutoka juu. Alipofika kwenye balleti alicheka. "Hii ni kweli. Tulichoka nayo." Alipofika saa tatu usiku akanyamaza.

Kisha akasema, "Ngoja. Nilimwandikia mama."

Akaingia ndani, akarudi na kasha la bati la biskuti. Marehemu mama yake alizitunza barua zote. Tukazitandaza mkekani. Tuliyoitaka ilikuwa kwenye bahasha ya ndege yenye neno АВИА, ukingo umeliwa na mende, ndani karatasi mbili za daftari la mistari, wino wa bluu, juu imeandikwa 20/8/91. Anamtuliza mama kwamba yuko salama, chakula kipo, asisikilize ya redio akaogopa. Anasema televisheni kutwa nzima ilikuwa ngoma ya wazungu tu, na kwamba usiku, kwenye habari, wote bwenini waliruka kwenye viti walipomwona Yeltsin juu ya kifaru.

Aliusoma mstari ule mara mbili, akaondoa miwani. "Usiku," akasema. "Basi ni usiku. Nimeandika mwenyewe."

Ameniruhusu kuipiga picha, jina lake lisitajwe. Nimeiingiza kwenye jedwali, saa tatu usiku, tarehe 19, safu ya nne: barua binafsi, Moscow kwenda Tanga, karatasi mbili, iliyoandikwa siku iliyofuata. Muhuri wa posta wa Moscow unasomeka nusu, tarehe yake nafikiri ni 22. Wa Tanga umefifia kabisa. Jumatatu nitaazima kioo cha kukuzia kwa fundi saa wa sokoni.